Mchanga wa Jumapili

Jumapili ile Mutunga alitolewa chini ya mchanga akiwa bado ameshika sepeto. Watu wa kwanza kufika mtoni walikuwa wakitoka ibadani, na nguo zao safi.

Alikuwa mwalimu wa shule ya harambee iliyokuwa ikijengwa karibu na Kathonzweni. Mchanga wa kujengea ulikuwa umeisha, na mwethya, lile kundi la kina mama wanaosaidiana kazi, lilikuwa na nafasi siku hiyo tu. Alishuka nao kwenye mto mkavu. Walichimba mpaka ukingo ukawa kama pango, kisha ukaanguka.

"Amefanya kazi siku ya Bwana," watu walisema, kwa kunong'ona mwanzoni, baadaye kwa sauti ya kawaida.

Alizikwa bila maombi. Wazee wa kanisa waliamua hivyo, kwa sababu ya Jumapili na kwa sababu kijana alikuwa ameacha kwenda kanisani. Mchungaji Jonah alisimama kando ya kaburi, Biblia kwapani, na hakuifungua. Kina mama wa mwethya ndio waliofukia. Mbinya, mama yake marehemu, aliitazama ile Biblia mpaka udongo wa mwisho ulipowekwa. Tangu siku hiyo alimwita Jonah "Mchungaji" tu, kama watu wote.

Kabla ya mvua kuja, kanisa lilileta mabati. Sharti lilikuwa moja: shule iwe ya kanisa, na kila mtoto anayeingia awe amebatizwa. Mutunga alikuwa amelipinga sharti hilo alipokuwa hai. Sasa Ndolo, naibu wa chifu, aliitisha mkutano ndani ya kuta zisizo na paa ili wananchi waamue.

Mchungaji alizungumza kwanza.

"Shule isiyo na Mungu itatuzalia nini? Watoto watajua hesabu, sawa. Nani atawaambia wasiibe? Mabati ni yale pale. Mnataka watoto wanyeshewe kwa sababu ya kiburi cha mtu mmoja?"

Hakumtaja mtu huyo. Sauti yake ilikuwa ikikwaruza. Mbinya alijua hajala kitu tangu jana.

Nthenya aliinuka. Alikuwa bibi mzee aliyecheza kilumi, ngoma ya pepo, na hakuna mjukuu wake aliyebatizwa.

"Mchungaji, mchanga wa ukuta huu nimeubeba mimi, kwa mgongo huu. Kama ulikuwa na pepo, mbona ukuta umesimama?"

Watu walicheka.

"Susu, bibi yetu, hapa si kilumi," mzee mmoja wa kanisa alimrushia. "Kaa chini kabla hujapandisha pepo."

"Nikipandisha, ngoma utapiga wewe. Ulikuwa ukiipiga vizuri sana kabla hujaokoka."

Hata Ndolo alificha mdomo kwa kofia. Kicheko kilipotulia, Mbinya alikuwa amesimama.

"Mama Mutunga, keti," Mchungaji alisema polepole. "Usijiumize."

"Nimeketi vya kutosha." Alivuta leso mabegani. "Mimi nimebatizwa. Naomba asubuhi na jioni. Simfukuzi Mungu shuleni, na hata ningetaka ningemfukuza vipi? Nasema tu kanisa lisishike ufunguo wa mlango. Matofali haya tuliyafyatua pamoja. Nionyesheni yale ya waliobatizwa, tuyatoe hayo mengine, tuone kama kuna darasa litabaki."

"Huo ni msiba unaongea," yule mzee alisema.

"Ndiyo, ni msiba. Umenionyesha vile mtu anafungiwa mlango hata akiwa amekufa." Akamgeukia Mchungaji. "Leo ufunguo uko kwako. Kesho litakuja kanisa kubwa kuliko lako, na mtoto wako atasimama nje."

Kina mama waliokuwa wakinong'onezana waliinamisha vichwa. Mchungaji akaanza kutafuta leso mfukoni.

"Tujipange," Ndolo alisema haraka. "Tujipange nje uwanjani, jua linaenda."

Ilikuwa miaka ya mlolongo, na kura zilipigwa kwa miguu. Waliotaka mabati na sharti lake walijipanga nyuma ya Mchungaji. Waliokataa walitakiwa kujipanga nyuma ya Mbinya, na mwanzoni alikuwa Nthenya peke yake.

"Kivuli chako ni kirefu kuliko mstari wako, mama!" mtu alimpigia kelele.

Mbinya hakugeuka. Alisikia tu nyayo. Kina mama wa mwethya, wale wale wa kwaya, walikuwa wakivuka uwanja mmoja mmoja, macho chini wanapompita Mchungaji. Waume zao waliwaita kwa majina. Hawakurudi. Ndolo alihesabu, akarudia kuhesabu, kisha akasema mstari wa Mbinya umezidi kidogo.

Mabati yalipelekwa kwingine. Mvua ilipokuja, wajukuu wa Nthenya walinyeshewa darasani pamoja na watoto wa wazee wa kanisa, na wote wakaendelea kusoma.

Lakini jioni ile ya mkutano hakuna aliyempongeza Mbinya. Watu walimpisha njia, wakamsalimia kwa sauti ndogo, kama wanavyosalimia waliofiwa. Alitangulia nyumbani, akawasha moto. Mchungaji aliingia giza likianza, akavua viatu mlangoni, akaketi kwenye kiti chake, akapokea sahani ya muthokoi kutoka kwa mkewe.

Kaburi la kijana wao liko nyuma ya nyumba. Mchungaji hulipalilia Jumamosi, Mbinya hulipalilia Jumapili.