Mtihani wa Korongo

Kwa jina la Mola aliyewatandikia ndege anga. Hekaya hii niliipokea kwa bibi yangu wa Siyu, naye kwa mamaye.

Korongo kijana alitamani leseni ya kuwaongoza makinda kuvuka ziwa, akajizoeza kupaa na kutua msimu mzima. Siku ya mtihani, mzee Tai alimwambia, "Nitakufuata nyuma. Ukitua kabla ya ng'ambo, umeshindwa."

Katikati ya ziwa Korongo alisikia pumzi za Tai zikikatika, akatua kisiwani.

"Mbona umetua?" Tai akauliza.

"Babu, umechoka. Leseni nitaiomba tena mwakani."

Tai akacheka huku akihema. "Makinda nao huchoka, mjukuu wangu. Leseni ni yako."

Enyi mliosikiliza, Mola awajaalie kiongozi asikiaye pumzi za walio nyuma.