Damu ya Bernardine

Ndoo ilikuwa nyekundu tena. Bernardine aliinama, akaangalia vizuri, kisha akaifunika kwa sahani na kumwita mumewe.

Tangu vita viingie Uvira, hakuna mtu wa mtaa wao aliyetoka nje giza likishaingia. Choo kilikuwa mwisho wa kiwanja, na askari walipiga risasi kila kivuli. Kwa hiyo yeye na Sévère walikuwa na ndoo moja nyuma ya pazia. Waliitumia gizani, maana hata taa iliogopwa, na asubuhi Bernardine aliimwaga.

Mara ya kwanza alipoona damu ile, alifurahi. Miezi yake ilikuwa imekoma, na hakuwahi kuzaa. Alipiga magoti, akamkumbuka Sara mke wa Abrahamu, akacheka huku analia. Lakini kitambaa alichojifunga kilibaki kikavu, siku zote.

"Sasa hii njo hatari," Sévère alisema. "Twende kwa Jean-Berchmans."

Jean-Berchmans alikuwa muuguzi pekee aliyebaki mtaani. Alikwisha kumpa Bernardine dawa ya kichocho, nayo haikusaidia. Sasa alitaka kuuona mkojo wake wa asubuhi. Sévère mwenyewe alijaza chupa kutoka ndooni, akaibeba mpaka kituo cha afya, mkewe akimfuata karibu karibu na kuta.

Muuguzi aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Hadubini yake ilikuwa imeporwa, hakuwa na kingine cha kupimia ila macho. Aliuliza kuhusu kitambaa. Aliposikia ni kikavu, akasema damu hiyo haitoki kwenye tumbo la uzazi. Inatoka kwenye kibofu, na aliogopa ni kansa.

Bernardine aliuliza kwa nini imemjia uzeeni. Muuguzi alieleza polepole. Kansa hiyo huwapata wanaume zaidi. Wapo madaktari wanaofikiri homoni za kiume huisaidia kukua, na zile za kike humkinga mwanamke. Miezi ikikoma, homoni zake hushuka, na pengine kinga hushuka nazo.

"Kusema kweli, mzee, ni weye ningengojea ikupate," alimwambia Sévère. "Na tumbaku yako yote ile."

Sévère alicheka. "Unaona? Hata magonjwa yananikataa."

Mashine ya kuangalia kibofu ilikuwa Bujumbura, ng'ambo ya ziwa. Njia ya barabara ilifungwa. Kilichobaki ni boti ya masista, na kamanda wa askari aliruhusu wagonjwa tu, bila wa kuwasindikiza.

Kabla njia hazijafungwa, Sévère alikuwa amemwomba Bernardine mara nyingi avuke, aende kwa dada yake. Askari walikuwa wakiingia nyumba za jirani na kuchukua wanawake. Kila mara alikataa. Aliapa mbele ya padri kuwa na mumewe katika taabu na raha, na taabu ndiyo hii. Hata sasa alikataa.

"Minye siendi. Nitafia hapa."

"Weye iko mugonjwa," Sévère alisema. "Ukifia hapa, nani atanizika? Nenda wakutibu, mama. Minye niko muzima kama ng'ombe ya Rurambo kule mulimani."

Basi akaenda. Pwani ya Kalundu, boti ilipongoja, askari alifungua mfuko wake, akaufunga. Sista Agathe, mmoja wa masista wa boti, akamshika mkono, naye akapanda. Bernardine alisali rozari mpaka milima ya Uvira ikawa ya buluu nyuma yake.

Daktari wa Bujumbura alimpima mara mbili. Kibofu kilikuwa safi. Mkojo wake, kwenye kikombe cha kioo, ulikuwa mweupe kama maji ya mvua.

Bernardine alielewa palepale. Bwana alikuwa amemgusa katikati ya ziwa. Alipiga magoti kwenye sakafu ya hospitali, akashukuru kwa sauti, na wagonjwa wengine wakaitikia amina. Kisha akamtuma Sista Agathe: amwambie Sévère kwamba amepona, na kwamba atarudi na boti itakayofuata.

Sista alimkuta Sévère nyuma ya nyumba, mkono mmoja ukutani, amempa mgongo. Alimwambia yote bila kusogea karibu. Sévère alifunga suruali taratibu, akageuka.

"Mungu asifiwe," alisema. "Umwambie abaki kule kule kwanza. Vita haijaisha."

Na kwa mguu, bila kuangalia chini, akausukuma mchanga mpaka ukafunika mkojo wake mwekundu.