Nyama Iliyomzidi Chui

Simba alizeeka. Miguu yake ilikataa mbio, lakini kiburi chake hakikuzeeka naye. Fisi alipomletea mbavu za nyati, alimfukuza.

"Mimi ni mwindaji! Sili sadaka," alinguruma, akalala na njaa.

Kesho yake Bi Chui alikuja akiburuta paja la swala. "Shikamoo, Mzee Simba. Naomba unisaidie. Nyama imenizidi, na ikioza itanukisha njia nzima."

"Marahaba. Kama ni kukusaidia, sawa," Simba akasema, akaila yote.

Tangu hapo, kila Chui alipowinda, nyama ilimzidi. Hata kiangazi kilipokausha mto na swala wakahama, alikuja na kanga mmoja mdomoni. "Mzee, imenizidi tena."

Siku hiyo Simba alimtazama vizuri. Mbavu za Chui zilihesabika. Ndipo alipokumbuka jambo ambalo kila mwindaji wa nyika analijua: Chui haozeshi nyama. Inayobaki huipandisha mtini, akaila siku baada ya siku.

Simba akainua macho kwenye mgunga wa Chui. Matawi yalikuwa matupu.

Akanyofoa bawa moja la kanga, akalitafuna polepole, kisha akamsukumia Chui nyama iliyobaki.

"Bi Chui, nisaidie," alisema. "Leo nimeshiba mapema, na nyama hii ikioza itanukisha njia nzima."

Chui akainama, akala mpaka mfupa wa mwisho. Hakuna aliyetaja sadaka.