Mwendo wa Mama Pacha

Sikumsikia Mama Pacha, kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwenye saa niliyompimia mwendo, mgonjwa wetu huyu. Ugonjwa wake hula utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo, na asubuhi ile tulipaswa kuamua kama aendelee na dawa tuliyokuwa tukiijaribu, au aachishwe.

Nilibonyeza saa alipofika mwisho wa ukumbi. "Muda ni ule ule," nikamwambia daktari mwenzangu, nimevunjika moyo.

"Dada, viatu hivyo umenunua au umerithi?" Mama Pacha alikuwa akimtania muuguzi, huku akigeuka bila kushika ukuta.

Mwenzangu akanigusa mkono. "Profesa, msikilize."

"Anapiga soga, kama kawaida yake."

"Kawaida yake akiwa amekaa. Mwaka jana ukimsalimu akitembea, ilikuwa lazima asimame ndipo akujibu."

Nikashusha saa. Alikuwa akirudi kwetu, bado akimcheka muuguzi, na mguu wake mzito wa kushoto ulijiendea bila yeye kuufikiria.

"Mbona mnanikodolea macho? Nimekosea?"

"Hapana, mama. Endelea kusema."

Hakuachishwa dawa. Tangu siku hiyo, kila mgonjwa wetu hutembea mara mbili: kwanza kimya, kisha akizungumza.