Goti la Mdogo Wake

Jackton alikuwa akilinda lango la jumba moja huko Al-Malqa, Riyadh, mdogo wake alipompigia simu ya video kutoka Australia. Huko mdogo huyo alicheza ligi ya jimbo, kandanda yao ya mpira wenye umbo la yai. Nyumbani mama alionyesha picha zake kanisa zima. Jackton hakuulizwa hata anakula nini.

"Kaka, goti limekwisha. Daktari amesema sitacheza tena."

Goti lilijaa kwenye skrini, limevimba, lina mshono mrefu. Jackton alisema pole. Kisha akahisi midomo yake ikitanuka kwa tabasamu, ikakataa kurudi. Akaiziba kamera kwa kidole gumba.

"Kaka, mbona sikuoni?"

"Netiwaki ya huku inasumbua," alisema Jackton.