Mkoba Mbele ya Mama Mkwe

Langoni kwa wakwe zake watarajiwa, hapo mtaa wa Niboye, Trinah aliijaribu zipu ya mkoba kwa mara ya tano. Ikakwama palepale, katikati.

“Twende, wanatusubiri,” alisema Kenny, mchumba wake. Maskini, hakuwa na habari. Kwake yeye mkoba ule ulitoka Paris, kama herufi zake za dhahabu zilivyodai.

Ulitoka kwenye simu. Ulitoka kwa muuzaji asiye na sura wala sauti, anayejibu kwa maandishi tu: “Iko kopi ya daraja la kwanza, dada. Hata mwenye kiwanda atadanganyika. Ikiharibika, siku saba unarudisha.” Motari, dereva wa pikipiki, alimletea nyumbani kwake Rwezamenyo siku ya Jumatatu, umeviringishwa kwa gazeti. Trinah akajipiga picha nao, akairusha status. Kiherehere kilimponza. Kenny alimwonyesha mama yake ile picha, na mama akajibu kwa maneno machache: “Jumamosi akija kutambulishwa, aje nao.”

Na mama mwenyewe ndiye Winifred, aliyekulia Bukoba, mwenye sifa ya kutambua mkoba bandia hata gizani. Pretty, mchumba wa kwanza wa Kenny, aliponzwa na mkoba tu, ule alioununua Kampala. Winifred aliukagua mbele ya mashangazi wote, akasema njia ya mwongo ni fupi, na uchumba ukaishia hapo.

Trinah alimpenda Kenny kuliko alivyowahi kumwambia. Aliingia ndani.

Sebuleni mashangazi wanne wa Kenny walikaa mstari mmoja kama mahakimu. Fanta ilimiminwa. Hakuna aliyeigusa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Wapi ule mkoba?”

Aliutoa kwa mikono miwili. Winifred akavaa miwani. Akainusa ngozi, akaupindua kuangalia mshono wa chini, akapitisha kidole juu ya herufi za dhahabu. Shangazi mmoja akakohoa. Kisha Winifred akaishika zipu, akaivuta.

Ikakwama.

Akilini Trinah alimwona Pretty akitoka kwa mlango uleule, kichwa chini. Winifred aliinua macho, akamkazia kwa muda mrefu, huku kiganja chake kikiwa kimetulia juu ya zipu.

“Mawifi zangu,” alitangaza, “hii iko original. Mtoto huyu hana uongo.”

Mashangazi wakapiga impundu, vigelegele vya furaha, kila mmoja na sauti yake. Kenny alicheka kama mtoto. Trinah hakuyaamini masikio yake. Machozi yalimtoka mbele za watu bila aibu.

Winifred akainuka, akamrudishia mkoba, akamkumbatia kwa nguvu na kumnong'oneza sikioni:

“Leo ni siku ya sita, mwanangu. Kesho lete, nikubadilishie zipu.”