Kitanda Namba Tano

Simu ilitetemeka tena mfukoni mwa Nesi Pei-chun. TANO.

Akatimua mbio. Kwenye kitanda namba tano, Mzee Teng alikuwa amekaa kitako, anabangua mbegu za tikiti kwa meno na kutemea maganda kikombeni.

"Mzee, umechezea tena hizo nyaya?"

"Nichezee nyaya, mimi mtoto? Moyo wangu mzima, binti. Utakufa wewe kwa kukimbia."

Kuo, mkurugenzi wa hospitali, aliyekuwa amesimama nyuma yao, alichekea puani. Suti yake ilikuwa haijawahi kupata hata tone la damu, na mfumo huu mpya wa tahadhari ulikuwa wake. Hadi jana mashine za moyo zilikuwa zikilia kutwa kucha, na manesi walishazizoea hata hawageuki tena. Kuo akazima sauti zote vitandani. Kuanzia leo kila mlio ungekwenda kwenye simu ya nesi, pamoja na namba ya kitanda. Aliyapanga yote ofisini bila kukanyaga wodini.

"Vitanda sita, moja hadi sita," alikuwa amemwambia fundi. "Hata mtoto wa chekechea angeweza."

Kisha akaja kuondoa zile pakiti za kijani za vitafunwa ambazo manesi huziweka juu ya mashine kama hirizi, ili mashine zisiharibike. Akafungua moja, akaila mbele yao.

"Mmesomea ushirikina nyie?"

TANO. TANO tena. Pei-chun alikimbia, na kila alipofika, mzee alikuwa anatafuna.

"Zima hiyo namba tano," Kuo akaagiza. "Wageni wa wizara wako njiani. Sitaki mkimbizane humu kama kuku."

"Na ikiwa ni kweli, Mkurugenzi? Mtu si atatufia?"

"Kweli gani? Huyo anakula kuliko wewe! Mfano wa mgonjwa ni yule pale."

Alimnyooshea kidole Bibi Liao wa kitanda cha jirani, namba sita. Moyo wake ndio uliokuwa dhaifu kuliko yote wodini, na bintiye alikuwa kwenye treni anakuja kumwona. Bibi alikuwa amelala, ameuelekea ukuta. Uji wake ulikuwa mezani, haujaguswa.

"Hajasumbua mtu tangu asubuhi," Kuo alisema. "Mngekuwa na adabu kama yake, ningepumzika."

Pei-chun alichoka, akabonyeza kuzima namba tano. Simu ikanyamaza, na ingawa aliona aibu, akaona raha.

Wageni walipofika, Kuo aliwaongoza hadi kitanda cha mwisho, namba saba, kilichokuwa kitupu. Akabana kidole chake kwenye kibanio cha mashine, kisha akakichomoa kwa madaha, ili mashine idhani moyo umesimama.

"Sikilizeni! Wodi kimya, na nesi ameshajua."

Wakapiga makofi. Pei-chun akatoa simu awaonyeshe.

SITA.

Aliitazama saba iliyobandikwa ukutani. Akarudi kinyumenyume kwa macho: sita, tano, tatu. Nne haikuwepo, kama isivyokuwepo kwenye wodi yoyote aliyowahi kufanya kazi, maana kwa lugha yao nne hutamkwa karibu sawa na kifo, na hakuna mgonjwa anayekubali kulalia namba hiyo. Fundi alihesabu vitanda kwa kufuata mstari, moja hadi sita, kama alivyoagizwa.

"Mkurugenzi," alisema, "kitanda cha tano kwenye mstari si cha Mzee Teng."

Bibi Liao alikuwa bado ameuelekea ukuta.